Meno ya Tope, Meno ya Theluji

Barabara namba 4 ya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hubadilika sura njiani. Ikitoka Auburn, jirani ya Lewiston, ni lami iliyomwagiwa chumvi, na malori ya magogo yanapishana juu yake tangu alfajiri. Baada ya Farmington na Strong inasinyaa. Ikifika Phillips inaanza kupanda ikifuata mto Sandy, na kutoka Madrid hadi Rangeley ni kona juu ya kona, msitu kushoto, msitu kulia, na theluji iliyoshindiliwa na magari mpaka ikawa ngumu na kung'aa.

Dereva anayesimuliwa hapa ameipita njia hiyo kwa misimu mingi ya baridi. Ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na pikapu yake ni Silverado 1500 yenye sanduku la vifaa nyuma. Siku moja ya Januari inaweza kumkuta asubuhi kwenye barabara kuu ya kulipia, akiteremka Portland kuchukua vipuri kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na alasiri akawa kwenye kijia cha nyumba za mapumziko kandokando ya ziwa, mahali ambapo magari ya halmashauri ya kusukuma theluji hayafiki kwa kuwa njia ni mali ya watu binafsi. Siku hiyo yote gari linakanyaga kwa matairi yaleyale manne. Yachaguliwe kwa ajili ya barabara ipi?

Yeye hakulianza swali hilo mikono mitupu. Alizaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, akaanza kazi akiwa utingo wa Fuso lililobeba unga na maharage kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha akakabidhiwa usukani. Njia ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, kabla haijawekwa lami, ilikuwa chuo kamili wakati wa masika. Lori lililonasa liliwafungia njia walio nyuma, na watu walilala porini. Pale alijifunza kwamba tairi la tope linapaswa kuwa na meno makubwa yenye nafasi pana kati yake, ili likizunguka lirushe tope nje na kujisafisha. Tope likijaa kwenye nafasi hizo, tairi jipya linateleza sawasawa na kipara. Alijifunza kupunguza upepo ili tairi likae bapa na kukanyaga eneo kubwa zaidi, kufunga cheni mapema kabla ya kunasa, na kutokata mwendo katikati ya mlima.

Sehemu ya elimu hiyo ilivuka bahari ikiwa nzima. Sehemu nyingine ilipinduka juu chini, na kinachofanya kumbukumbu zake zistahili kusomwa ni namna alivyozitenganisha sehemu hizo mbili.

Kilichopinduka ni habari ya meno. Theluji haina tabia ya tope. Mtoto akiifinya mkononi inashikana na kuwa donge, kwa sababu theluji hung'ang'ania theluji mwenzake. Tairi zuri la baridi limechongwa kwa kuitumia sifa hiyo: mifereji yake huibana theluji na kuishikilia, na ile iliyonaswa kwenye meno ndiyo inayoshikana na ile iliyo chini barabarani. Kwa hiyo tairi linalojisafisha kwa haraka, ambalo Kibondo lingesifiwa na kila dereva, hapa linatupa nje kitu kilekile ambacho kingelisaidia. Juu ya kila jino la tairi la baridi kuna mikato myembamba kama ya wembe, mingi, inayofunguka tairi linapokanyaga na kutoa kingo za kuchimba. Aliyesajili hataza ya mikato hiyo mwaka 1923 ni Mmarekani John Sipe. Husimuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi wa machinjioni aliyechoka kuteleza kwenye sakafu yenye maji, akachanja soli za viatu vyake.

Jambo hili dereva aliliona kwa macho kabla hajaelezwa na mtu. Mwenzake wa kazi, kijana mzaliwa wa huko huko Maine, alikuwa na pikapu iliyoinuliwa juu na kuvalishwa matairi ya tope ya inchi 35. Ilikuwa gari la kutazamwa. Mwezi wa Machi, baada ya mvua ya asubuhi kunyesha juu ya barafu, walikuwa wanateremka kwa kufuatana kwenda nyumba moja ya ziwani, kijana mbele na yeye nyuma na matairi yake ya baridi. Katikati ya mteremko pikapu ya mbele ilianza kwenda upande. Matairi yalikuwa yakizunguka, fowili imefungwa, breki inafanya kazi, na bado tani mbili na nusu za chuma zilishuka taratibu zikiwa zimeelekeza ubavu ziwani, mpaka ukingo wa theluji ulipozisimamisha. Hakuna aliyeumia. Dereva wetu alisimama juu ya mteremko huohuo, akashuka kwa miguu, na kulipapasa tairi la mwenzake: mpira mgumu, meno mapana yaliyo laini juu, hakuna mkato hata mmoja. Lilikuwa tairi bora kabisa kwa barabara nyingine.

Fowili nayo ilimfundisha kitu siku hiyo, au tuseme ilimthibitishia. Kugawa nguvu kwa magurudumu manne husaidia gari kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na mpira, na gari lolote, liwe la fowili au la, linasimama kwa magurudumu manne. Mtu mwenye fowili na matairi mabovu ana uwezo wa kufikia mwendo ambao hawezi kuuondoa. Ukipita barabara kuu ya Maine saa ya dhoruba, mengi ya magari yaliyo mtaroni ni pikapu na magari makubwa ya aina hiyo, na sidhani kuna fundi wa huko anayelishangaa hilo.

Ajabu nyingine iko kwenye nyuzi za joto. Mgeni kutoka nchi za joto huogopa siku ya baridi kali, ile ya nyuzi 25 chini ya sifuri ambayo pumzi inaganda kwenye ndevu. Kumbe barafu ya siku hiyo ni kavu na inashika kiasi. Hatari kubwa ni barafu iliyo karibu na sifuri, kwa sababu juu yake pana utando wa maji, na tairi linaelea juu ya utando huo. Wazee wa Lewiston wanaposimulia Januari ya 1998, hawazungumzii theluji. Wanazungumzia mvua iliyoganda pale pale ilipogusa kitu, ikakata nyaya na kuangusha miti mpaka zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine wakakosa umeme. Chumvi nayo ina mpaka wake: ikishapita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, nguvu yake ya kuyeyusha inapungua sana, ndiyo maana barabara za vijijini hunyunyiziwa mchanga zaidi. Dereva akazoea kutazama kipimajoto kabla ya kutazama mawingu.

Mpira wenyewe hubadilika kwa baridi. Watengenezaji wengi hutaja nyuzi 7 juu ya sifuri kuwa ndipo tairi la kiangazi linapoanza kukakamaa. Mchanganyiko wa mpira wa baridi hubaki laini hata chini sana ya sifuri, na gharama ya ulaini huo ni kwamba joto likipanda unalika haraka kwenye lami. Hapo pana mgongano ambao hakuna kiwanda kilichoumaliza: kinachoshika vizuri ziwani Rangeley mwezi wa Februari kitaisha upesi Portland mwezi wa Julai.

Maandishi ya ubavuni aliyasoma kwa makini ya mtu aliyewahi kulipishwa faini kwa kipara. Herufi M+S, yaani tope na theluji, zinatolewa kwa kutazama umbo la meno tu. Hakuna anayelijaribu tairi hilo kwenye theluji kabla ya kuziandika. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza mwaka 1999, ina jaribio nyuma yake: tairi hujaribiwa juu ya theluji iliyoshindiliwa na ni lazima lishinde tairi la kulinganishia kwa angalau asilimia 10. Ni alama ya maana. Hata hivyo, jaribio hilo hupima namna tairi linavyovuta gari kwenda mbele kwenye theluji. Halipimi kufunga breki kwenye barafu, wala kukata kona. Matairi mengi ya njia zote yanayopendwa na wenye pikapu, kama BFGoodrich KO2 au Falken Wildpeak AT3W, yana alama hiyo, na kwa anayeishi karibu na lami yanatosha mwaka mzima. Kwa mteremko wa ziwani baada ya mvua, dereva huyu hakuyaona kuwa yanatosha, nami nakubaliana naye. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Quebec nchini Canada, sheria inadai matairi ya baridi kwa magari ya abiria kati ya tarehe 1 Desemba na 15 Machi. Maine imemwachia kila dereva aamue.

Kuna historia iliyompendeza alipoisikia. Tairi la kwanza la baridi duniani lilitoka Finland mwaka 1934, katika kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian, na lilitengenezwa kwa ajili ya malori. La magari madogo likafuata mwaka 1936. Maana yake ni kwamba walioanza kuumiza kichwa juu ya jambo hili walikuwa wanafikiria watu wa kazi yake, wenye mzigo nyuma na kijiji mbele.

Misumari ilikuja baadaye. Ni vipande vidogo vya chuma chenye ncha ya tungsten karbaidi, vinavyopachikwa kwenye matundu yaliyoandaliwa na kiwanda wakati tairi likiwa jipya, navyo huchimba barafu pale mpira unapoelea. Ubaya wake unasikika na kuonekana: kelele kwenye lami, breki isiyoshika vizuri pale barabara ilipo kavu au imelowa tu, na lami yenyewe kuchimbika. Minnesota iliipiga marufuku kwa wakazi wake tangu miaka ya 1970. Japani ilifika mbali zaidi. Vumbi la lami iliyosagwa na misumari lilizidi katika miji kama Sapporo na Sendai, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak, tairi lisilo na msumari ambalo mpira wake una vitundu vidogo mno vya kunyonya ule utando wa maji. Maine inaruhusu misumari wakati wa baridi na kuikataza kuanzia tarehe 1 Mei hadi tarehe 1 Oktoba.

Katika nyumba yake, swali la misumari lilipata majibu mawili. Mke wake anafanya kazi hospitalini Portland, na safari yake yote ni barabara kuu inayosafishwa usiku kucha. Gari lake likapata matairi ya baridi yasiyo na misumari, kwa sababu kwenye lami iliyolowa chumvi ndiyo yanayosimama vizuri zaidi. Pikapu ikapata misumari. Dereva hakuchagua kwa kuhesabu kilomita, maana kilomita zake nyingi ni za lami. Alichagua kwa kuuliza ni wapi gari likiteleza hapana ukingo wa kulizuia wala mtu wa kupita na kusaidia, na simu haina mtandao. Mahali hapo ni pafupi, pengine kilomita chache tu katika siku nzima, na pana barafu.

Mabishano marefu zaidi yalikuwa juu ya plai, yaani matabaka ya ndani ya tairi. Muuza matairi wa Farmington, mzee mkarimu aliyekuwa anauza kwa wakata magogo, alimpendekezea matairi ya LT, yaani ya malori mepesi, ya daraja E, yale yanayoitwa ya plai 10. Kwa mtu wa malori lilikuwa pendekezo tamu, kwani Kigoma plai nyingi maana yake ni tairi lisilokufa. Aliomba muda akachukua kalamu. Tairi la LT265/70R17 la daraja E hubeba kilo 1,450, lakini kwa kujazwa upepo wa psi 80. Tairi la kawaida la kipimo hichohicho, lenye namba ya mzigo 115, hubeba kilo 1,215 kwa upepo wa chini sana kuliko huo. Likifungwa kwenye pikapu, kanuni ni kugawa uzito huo kwa 1.1, unabaki takriban kilo 1,105. Akafungua mlango wa dereva akasoma kibandiko cha uzito ambao ekseli ya nyuma imeruhusiwa, akalinganisha na matairi mawili. Yalibeba na kubakiza. Tairi la plai 10 ni zito, kuta zake ni ngumu, na chini ya gari lenye mzigo mdogo linakaa juu ya barabara badala ya kujilaza. Lori la kampuni linalobeba tangi la mafuta linalihitaji kwa lazima. Pikapu yake haikulihitaji.

Upana ulikuwa uamuzi wa kinyume na mazoea ya vijana. Kwenye theluji mbichi ya kina, isiyosukumwa, tairi jembamba hukata hadi chini na kukuta kitu kigumu, na kwenye uji wa theluji wa barabara kuu halielei upesi kama pana. Alipata kipimo cha 245/75R17: sentimita 2 nyembamba zaidi, huku kimo chake kikiwa milimita 799 dhidi ya 803 za lile la awali, kwa hiyo kipimamwendo hakikudanganya. Namba ya mzigo 112 ni kilo 1,120, na baada ya kugawa ni takriban 1,018. Akarudi tena kwenye kibandiko cha mlangoni. Bado yalitosha. Naipenda sana sehemu hii ya simulizi yake, kwa sababu watu wengi hununua matairi kwa macho, na yeye alinunua kwa hesabu ya dakika kumi.

Elimu ya upepo ndiyo iliyovuka bahari ikiwa nzima. Hewa hujikunyata kwenye baridi: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza psi moja hivi. Gari lililojazwa psi 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 15, likitolewa nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, linabaki na kama 28 bila pancha yoyote. Kwenye barabara kuu huo ni upungufu wa kuumiza tairi, kwani linapinda na kupata joto kwenye kuta. Kwenye kijia cha ziwani chenye theluji ya kina, kupunguza upepo kwa makusudi humsaidia kama kulivyomsaidia kwenye tope la Kibondo. Tofauti ni kwamba Kibondo hakukuwa na barabara ya kasi ya kurudia. Ndiyo maana chini ya kiti chake kuna pampu ya umeme, na hagusi lami kubwa kabla hajarudisha upepo wote.

Nyuma, juu ya ekseli, huweka mifuko ya mchanga tangu Novemba, imefungwa kwa mikanda isirukie mbele. Pikapu tupu ni nyepesi mkiani, na hata tairi bora halishiki lisipokandamizwa. Mchanga huohuo humwagwa chini ya gurudumu siku ya kunasa.

Seti mbili, ya baridi na ya kiangazi, ziligharimu fedha nyingi kwa mara moja, na hilo halifichiki. Lakini seti moja inapofanya kazi nyingine inapumzika, na akanunua rimu za chuma za pili ili asiyang'oe matairi kwenye rimu kila msimu. Kila Aprili huyaandika kwa chaki, mbele kushoto, nyuma kulia, na kuyapima meno. Sheria ya ukaguzi wa magari wa kila mwaka huko Maine inakubali hadi milimita 1.6. Kwa theluji hiyo ni ruhusa isiyo na maana, kwani tairi la baridi likishafika karibu na milimita 5 huwa limepoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Lake likifika hapo, huliacha limalizie umri wake kwenye lami ya kiangazi kama halina misumari, au huliondoa kabisa.

Oktoba moja alimjia kijana aliyekulia Nyarugusu, ambaye sasa ana kazi ya usiku Farmington. Alikuwa ameona matairi manne ya baridi yaliyotumika, meno yake marefu, bei nusu.

"Mzee, haya si bado mapya?"

"Yageuze kwanza, mdogo wangu. Tafuta herufi DOT."

Namba nne za mwisho zilisomeka 3812, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2012. Dereva akamwambia abonyeze ukucha kwenye jino. Ukucha haukuacha alama; mpira ulikuwa umeshakuwa mgumu na mikato yake ina nyufa. Kisha wakaizungumzia njia ya kijana, mahali anapolaza gari, saa anazorudi, na kama kuna mlima ambao hausukumwi theluji. Haukuwepo. Njia yake yote ni ya lami na inasafishwa. Wakachagua manne mapya yasiyo na misumari, ya kipimo kilichoandikwa kwenye mlango, yote ya aina moja, na kijana akakubali kulipa kwa awamu. Waliyafunga Jumamosi uani kwa dereva, kwa jeki na spana, nati zikikazwa kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kijana alipokuwa anafuta mikono, dereva alimtaka atembee kilomita 80 kisha apite tena, wakaze nati upya zikiwa zimepoa.